Padre Horner na Watoto wa Bagamoyo

Wapo wasomaji wetu wengi waliopata kwenda Bagamoyo kuhiji. Wamepita chini ya miembe ile ya kale, wameuona mnara wa kanisa la kwanza, nao wamesimama kimya mbele ya makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa wangali vijana. Lakini kaburi la yule aliyeianzisha misioni ile halimo kati ya hayo. Padre Antoine Horner alifia mbali na pwani hii, mjini Cannes katika Ufaransa, mwaka 1880, baada ya kutuachia nguvu zake zote.

Twaona yafaa leo kuyakumbuka maisha yake. Si kwa sababu jina lake limesahauliwa, la, halijasahauliwa. Bali kwa sababu maisha hayo yatufundisha jambo moja juu ya ukarimu wa Kikristo ambalo sisi sote, wenye nacho na wasio nacho, twalisahau upesi. Jambo lenyewe ni hili: kumtoa mtu katika shida yaweza kuwa kazi ya saa moja, lakini kumsimamisha kwa miguu yake ni kazi ya miaka. Naye mwenye kuianza kazi ile ya kwanza na kuikimbia hii ya pili, huenda hakumsaidia mtu, bali ameufurahisha moyo wake mwenyewe tu.

Antoine Horner alizaliwa mwaka 1827 katika Alsace, nchi iliyo mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Alipokuwa kijana aliingia Shirika la Roho Mtakatifu. Katika mwaka 1848 shirika hilo lilikuwa limeungana na wanafunzi wa Padre François Libermann, mtoto wa mwalimu wa dini ya Kiyahudi, ambaye baada ya kubatizwa aliweka moyo wake wote kwa watu walioachwa, na hasa kwa watu weusi waliokuwa utumwani au waliokuwa ndiyo kwanza watoke humo. Roho hiyo ndiyo iliyomlea Horner, nayo ndiyo iliyompeleka mbali na kwao.

Kwanza alitumwa katika kisiwa cha Réunion, kilicho katika Bahari ya Hindi mashariki ya Madagaska. Huko alifanya kazi kati ya wagonjwa wa ukoma, kazi ambayo siku zile watu wengi waliikimbia. Tena kisiwa hicho kilikuwa na jeraha jingine. Mwezi Desemba mwaka 1848 serikali ya Ufaransa ilikuwa imewapa uhuru watumwa wa kisiwani, watu wapatao 60,000. Walipewa uhuru, lakini wengi wao hawakupewa shamba, wala nyumba, wala kazi ya mikono wanayoijua, wala jamaa wa kuwaegemea. Walitoka katika mashamba ya miwa wakiwa watu huru wasio na kitu. Mwaka uliofuata, 1849, lilizaliwa kisiwani humo shirika la Masista Mabinti wa Maria, ambalo liliwapokea mabinti weupe na weusi, na hata waliokuwa watumwa juzi, wakaishi katika nyumba moja chini ya kanuni moja. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwa wakati ule, wala halikuwapendeza wote.

Hatudhani kwamba Padre Horner aliyaona hayo bure. Alikuwa amejifunza kisiwani humo, kabla hajafika kwetu, kwamba karatasi ya uhuru si uhuru mzima.

Mnamo Desemba 1860, Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka Réunion, pamoja na mapadre wengine na Masista wale Mabinti wa Maria, wakafungua hospitali na karakana za kazi za mikono. Mwaka 1863, mwezi Juni, kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu. Wa kwanza kufika walikuwa Padre Horner na Padre Étienne Baur, pamoja na mabruda wawili. Tangu siku hiyo mzigo ulikuwa wa Horner.

Yatupasa tukumbuke Unguja ilikuwa mji gani wakati ule. Ulikuwa mji wa Seyyid Majid, mji wa karafuu na pembe za ndovu, na tena mji wa soko la watumwa. Kila mwaka majahazi yalileta maelfu ya watu kutoka Kilwa na bandari nyingine za Mrima. Wengi wao walikuwa wametembea kwa miguu miezi mingi kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wale waliokuwa na nguvu waliuzwa kwa bei nzuri. Wagonjwa na watoto wadogo walikuwa bidhaa rahisi, na wale walioonekana kuwa karibu na kufa hawakuwa na bei kabisa.

Wamisionari walikwenda katika soko hilo na fedha ya sadaka, wakanunua watoto ili kuwaweka huru. Fedha hiyo yenyewe yastahili kukumbukwa. Sehemu kubwa haikutoka kwa matajiri. Ilitoka katika chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambacho watoto wa Ulaya walitoa senti zao kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wasiowajua. Hivyo senti ya mtoto ilimkomboa mtoto. Wazee wetu walinena vema kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri.

Lakini fedha ilikuwa kidogo, na watumwa walikuwa wengi. Mwenye kununua watoto watano alilazimika kuwaacha mia mbele ya macho yake. Tulifikiri jambo hili twaona kwamba lilikuwa msalaba mzito, nao ulirudi kila mara kapu la sadaka lilipofika kutoka Ulaya. Horner aliubeba msalaba huo miaka mingi, wala hakusema kwamba kwa kuwa hawezi kuwakomboa wote basi asimkomboe hata mmoja.

Katika habari za miaka ile, iliyo mashuhuri kupita zote ni habari ya Siwema, msichana wa Kiyao, ambayo Padre Horner mwenyewe aliiandika kama alivyosimuliwa, na ambayo ilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Siwema alichukuliwa kwa sababu ya deni la mama yake. Mama hakukubali kutengana naye, akafuatana na msafara kwa hiari yake, akifanywa mtumwa ili asimwache mtoto. Njiani mama alidhoofika, akaachwa afe. Siwema aliendelea hadi Unguja, naye alipofika alikuwa amekwisha nguvu, hata mwenye mali akaona kumlisha ni hasara. Akafukiwa katika kaburi la mchanga, angali hai. Kijana mmoja mtu wa Réunion alisikia sauti ya kuugua kutoka ardhini, akamfukua, akampeleka kwa Masista.

Siwema akapona. Akafundishwa, akawa akiwasaidia Masista kuwahudumia wagonjwa. Siku moja akaletwa hospitalini Mwarabu mmoja mwenye majeraha, na msichana alipomtazama usoni alimtambua: ndiye mwenye msafara uliomwua mama yake. Mioyo yetu sisi yajua ingalimshauri nini. Yeye alipambana na moyo wake, kisha akasamehe, akamwuguza mtu yule kama alivyowauguza wengine.

Twaomba wasomaji watazame vizuri mwendo wa habari hii. Yule kijana aliyemfukua alitenda jambo jema sana, nalo lilichukua muda mfupi. Lakini kama angalimwacha Siwema juu ya mchanga na kwenda zake, msichana angalikufa kabla ya jua kuchwa. Walikuwako Masista wa kumpokea, kitanda cha kumlaza, uji wa kumnywesha, na miaka ya subira hata alipoweza naye kumwuguza mwingine. Ndivyo alivyofanya Msamaria katika mfano wa Bwana wetu. Hakuishia kufunga majeraha barabarani. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalala naye usiku ule, akaacha fedha kwa mwenye nyumba, na tena akaahidi kurudi na kulipa yaliyosalia. Mara nyingi twausifu mkono wake uliomimina mafuta, nasi twaisahau ahadi yake ya kurudi.

Padre Horner hakuisahau. Kadiri watoto walivyoongezeka, aliona kwamba Unguja hapawatoshi. Mji ulikuwa na nyumba na maduka, lakini misioni haikuwa na ardhi ya kutosha ambayo watoto wale wangeweza kuilima na kula jasho lao watakapokuwa watu wazima. Mwaka 1866 alivuka kwenda bara na kuitembelea pwani akitafuta mahali pafaapo. Alipachagua Bagamoyo, mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Unyamwezi, Ugogo na Usagara. Seyyid Majid, mtawala Mwislamu, alitoa ruhusa. Nasi twapenda kulitaja jambo hilo kwa shukrani, maana wema haukuwa wa upande mmoja, na bila ya moyo mpana wa mtawala yule misioni isingalikuwapo. Mnamo tarehe 4 Machi 1868 kazi ya Bagamoyo ilianzishwa.

Palikuwa porini, nje ya mji. Watoto na mabruda walifyeka msitu, wakapanda minazi, wakalima chakula, wakajenga. Asubuhi palikuwa na Misa na masomo, kisha mikono ikashika jembe, randa na nyundo. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na uashi, na wasichana waliokuwa chini ya Masista walifundishwa kushona, kupika na kuuguza. Horner hakutaka kulea watu watakaokaa wakinyosha mkono maisha yao yote. Alitaka kila mtoto aliyetoka sokoni bila jina wala ukoo apate kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya, yaani kazi yake na imani yake.

Basi watoto wakakua. Hapo ndipo wengi wa wafadhili huchoka, maana mtoto mdogo hupendeza, naye kijana mkubwa ana matakwa yake. Padre Horner alianzisha kijiji. Kijana na msichana walipooana walipewa nyumba yao na kiwanja cha kulima, na hivyo watu waliokuwa wamepoteza jamaa zao zote walianza jamaa mpya. Watoto waliozaliwa katika nyumba zile hawakuwa wamenunuliwa na mtu yeyote.

Tusidhani kwamba mambo yalikwenda kwa raha. Mwishoni mwa mwaka 1869 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Unguja, ukaua watu wengi mno, ukapita na pwani ya bara. Ulipokwisha, mwaka 1870, vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Ufaransa ikashindwa, na Alsace, nchi aliyozaliwa Horner, ikatwaliwa na Ujerumani. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa mbali, akisikia kwamba nchi yake imekatwa na kugawiwa, na papo hapo sadaka zilizotoka Ufaransa zilikuwa zikipungua. Na kabla hajapumua, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na pwani. Kiling'oa mikarafuu ya Unguja, kikazamisha vyombo bandarini, na pale Bagamoyo kikayabomoa majengo yaliyojengwa kwa jasho la miaka minne.

Hapo ahadi ya kurudi na kulipa yaliyosalia ilipata kupimwa kweli. Maana mtu aliyetoa sadaka yake na kwenda zake hasumbuliwi na kimbunga. Lakini yule aliyewachukua watoto mamia na kuwaambia kwamba sasa wana kwao, huyo kila asubuhi yu mbele ya sufuria tupu na macho yanayomtazama. Hawezi kuwarudisha walikotoka. Horner na wenzake hawakuwatawanya watoto wale. Waliezeka upya, wakapanda upya, wakaandika barua Ulaya kuomba upya, na kanisa lile lenye mnara ambalo mahujaji wanalitazama leo ni la siku hizo za kujenga tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alifika pwani kwa ajili ya kumlazimisha Seyyid Barghash afunge soko la watumwa. Alipoiona Bagamoyo aliisifu sana katika taarifa yake, akaiona kuwa mfano wa kufuatwa katika kuwatunza watu waliotolewa utumwani, ingawa yeye hakuwa Mkatoliki wala Mfaransa. Soko la Unguja lilifungwa mwezi Juni mwaka ule. Tangu hapo wengi waliofikishwa misioni walikuwa watu walionaswa baharini na manowari za Kiingereza, ambao waliachiwa huru lakini hawakuwa na pa kwenda. Mwezi Februari 1874 mwili wa Daktari Livingstone, uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka mbali sana barani, ulilazwa usiku katika kanisa la Bagamoyo kabla ya kuvushwa baharini. Watu waliokuwa watumwa waliomba karibu na maiti ya mtu aliyeulaani utumwa.

Sasa yatupasa tuseme pia yasiyosemwa sana, maana gazeti likisifu tu bila kupima halimfai msomaji. Tangu siku zile walikuwako watu waliouliza: je, kumnunua mtumwa ili kumweka huru si kumtajirisha mwuzaji? Fedha ya sadaka iliingia katika mkoba wa mfanya biashara, naye aliweza kuitumia kuleta wengine. Swali hilo ni la kweli, wala hatuwezi kulifuta. Tena watu wale waliokombolewa hawakuwa huru mara moja kama tunavyouelewa uhuru leo. Waliishi chini ya amri za misioni, siku nyingi za juma walifanya kazi katika mashamba yake, ndoa zao na safari zao zilihitaji ruhusa, na wengine walichoka wakatoroka. Mtu aliyekombolewa na mfadhili wake aweza kujikuta amebadili bwana tu, ingawa bwana wa pili ni mpole.

Twasema hivi bila kumvunjia heshima Padre Horner. Alikuwa mtu wa wakati wake, na kwa swali la kwanza alikuwa na jibu ambalo hakuna mtu awezaye kulidharau: mtoto aliyekuwa mbele yake sokoni hakuweza kungoja mpaka wafalme wafanye mapatano. Lakini kwa swali la pili jibu haliwezi kuwa maneno, lazima liwe matendo. Kipimo cha mfadhili ni kama ataweza siku moja kumwachia mtu aliyemsaidia aende zake, awe sawa naye, na awe naye mtoaji.

Nasi twadhani kwamba Horner, katika miaka yake ya mwisho, aliielekea njia hiyo. Mwaka 1877 alianzisha misioni ya Mhonda, chini ya milima ya Nguru, ndiyo ya kwanza barani mbali na pwani. Hakupeleka mapadre peke yao. Pamoja nao walikwenda watu wa ndoa kutoka kijiji cha Bagamoyo, wenye ujuzi wao na watoto wao, wawe jirani wa wenyeji na mashahidi wa imani. Watu waliokuwa wameletwa pwani kwa minyororo sasa walirudi barani kwa miguu yao, wakiwa na kitu cha kuwapa wengine. Baadaye mambo yaliendelea vivyo hivyo Mandera, Morogoro, na katika Usagara yenyewe. Ukristo wa nchi hizi, kabla ya kuhubiriwa na askofu yeyote, ulihubiriwa na watu waliokuwa wameuzwa sokoni.

Safari za bara na homa zilikuwa zimemmaliza. Alirudi Ulaya akiwa mgonjwa, akitumaini kupona na kurejea kwa watoto wake. Hakurejea. Alikufa Cannes mwaka 1880, akiwa amepita kidogo umri wa miaka 50. Karibu miaka 17 kati ya hiyo alikuwa ameitumia Unguja na Mrima.

Matunda ya kazi yake yalionekana zaidi baada ya yeye kuondoka. Mwaka 1888 pwani yote, tangu Tanga na Pangani hadi kusini, iliwaka kwa vita, watu wakiongozwa na Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Mji wa Bagamoyo ulipigwa na kuchomwa moto. Maelfu ya watu, Waislamu kwa Wakristo na wasio na dini, walikimbilia katika mashamba ya misioni, chini ya minazi ile iliyopandwa na watoto wa soko la Unguja, na Padre Baur na Askofu de Courmont waliwapokea. Abushiri mwenyewe, ingawa alikuwa akipigana na Wazungu, aliiheshimu misioni na kusikilizana na mapadre wake. Watu waliokuwa wamepokewa juzi wakawa wenyeji wa kuwapokea waliokimbia leo. Katika sheria, utumwa ulikuja kufutwa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Wasomaji, twaandika haya kwa ajili yetu sisi. Hakuna soko la watumwa Tanga leo, nasi twamshukuru Mungu. Lakini wako watoto wanaoletwa mjini kutoka vijijini, kutoka Handeni, Lushoto na Muheza, kwa ahadi njema ya shangazi au ya mtu wa ukoo: watasomeshwa, watavikwa, watakuwa kama watoto wa nyumba. Wazazi hushukuru, kwa kuwa nyumbani hapana kitu. Mwaka wa kwanza shule yapo. Mwaka wa pili mtoto amepewa ndoo ya maji, ufagio na mtoto mchanga wa kubeba mgongoni. Mwaka wa tatu hatajwi tena habari za shule, wala hana mshahara, wala hana nauli ya kurudi kwa mama yake. Na mwenye nyumba husema mbele za watu, tena kwa kuamini, kwamba anamsaidia. Je, mtoto huyu amesaidiwa, au amebadilishiwa shida?

Tuutazame pia ukarimu wetu wa parokiani. Mtu akifiwa, twakusanyika, twachanga, twalia naye. Na huo ni wema wa kweli ambao tusiuache. Lakini baada ya arobaini mjane anabaki na watoto wanne, na mlango wake haugongwi tena. Mgonjwa twamfikisha hospitalini kwa haraka, twapokewa shukrani zetu, kisha hatuulizi nani atamnunulia dawa mwezi wa tatu. Yatima twamlipia ada ya muhula mmoja, na picha yake yapigwa, halafu muhula wa pili anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Kwa mtoto huyo pengine ingalikuwa heri tusingalianza.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, kabla ya kuahidi, tuhesabu. Afadhali jumuiya moja imchukue yatima mmoja na kumfikisha mwisho wa masomo au ufundi wake, kuliko kuwagusa kumi na kuwaacha njiani. Pili, tusifanye peke yetu. Horner asingaliweza lolote bila ya Masista, mabruda na senti za watoto wa mbali, na jirani watano wanaotoa kidogo kila mwezi wana nguvu kuliko tajiri mmoja anayetoa mara moja kwa mbwembwe. Tatu, tumpe mtu kazi na ujuzi, si chakula tu, na ikiwa anaishi katika nyumba yetu tumhesabie haki yake kama mfanyakazi au tumsomeshe kama mtoto, maana hakuna njia ya tatu iliyo halali. Mwisho, tuwe tayari kumwona akienda. Asipotuhitaji tena, asipokuja kila Jumapili kutushukuru, tusikasirike, maana tulichokuwa tukitafuta ndicho hicho.

Mwezi huu maparokia yatakapokusanya fungu la maskini, twawasihi viongozi wa jumuiya wasitangaze kiasi kilichopatikana tu. Wataje pia kazi iliyofanywa na fungu la mwaka jana: nani alisaidiwa, amefika wapi, na bado anahitaji nini.